Daftari la Maini Yaliyotupwa

Hotuba kwa wafanyabiashara wa nyama, wakaguzi na madiwani, Busia, upande wa Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, madaktari wa mifugo, wazee wangu wa bucha, mama zangu wa matumbo na wa mulokoni, yaani supu ya kwato, na ninyi vijana wa kuchuna na kupakia mliosimama kule nyuma kana kwamba mkutano huu si wenu: hamjambo. Nimeombwa nizungumze Kiswahili, nami nashukuru. Hapa mpakani ng'ombe huuzwa kwa Kiswahili, na ugomvi wake huamuliwa kwa Kiswahili.

Nimefanya kazi ya mifugo serikalini mpaka nikastaafu. Kwa hiyo nitakayoyasema juu ya wakaguzi wa nyama nayasema juu ya wenzangu, watu niliokula nao. Sitataja wilaya wala jina la mtu. Atakayejiona humo, ajue hajaonewa.

Niende moja kwa moja kwenye daftari. Machinjio yanayoendeshwa sawasawa yana rekodi mbili. Ya kwanza huandikwa wanyama waliochinjwa na ada iliyolipwa. Ya pili huandikwa vilivyotupwa: ini, pafu, kichwa, au mnyama mzima, pamoja na sababu. Rekodi ya kwanza ina wasomaji wengi. Karani anaisoma, mhasibu anaisoma, diwani akitaka kujua mapato ya mji anaiulizia, na wakaguzi wa hesabu wa serikali wakija ndiyo wanayoidai. Ya pili haina msomaji.

Nilipata kutumwa wilaya jirani kusaidia, nikaomba niletewe madaftari yote mawili. La ada lilikuwa limevikwa jalada la nailoni, kila mstari una saini. La pili lilitafutwa, likapatikana chini ya gunia la chumvi ya ngozi. Nikalifungua. Kwenye safu ya sababu, mtu alikuwa ameweka kalamu juu ya ukurasa akaiteremsha hadi chini, mstari mmoja mrefu wa kusema hakuna. Ukurasa uliofuata, vivyo hivyo. Miezi kadhaa haikutupwa hata ini moja, na ng'ombe wenyewe walitoka kwenye vinamasi.

Wenye bucha mnacheka kwa sababu mnajua. Ng'ombe anayelishwa kando ya kinamasi au ziwa hukutana na konokono wa majini, na konokono yule ndiye anayebeba minyoo bapa ya ini. Ukichinja ng'ombe wa aina hiyo juma zima bila kukuta ini lililokakamaa mifereji ya nyongo, basi kisu hakikupita kwenye ini. Wanyama walikuwa wagonjwa kama kawaida yao. Aliyekosekana ni mkaguzi.

Hilo ndilo neno langu la leo, mengine ni maelezo yake. Tukitaka kumsimamia mkaguzi wa nyama, tuanze kwa kusoma alichotupa.

Kwa madiwani ambao hamjawahi kufika machinjioni alfajiri, niwaeleze kazi yenyewe, maana huwezi kumdai mtu hesabu ya kazi usiyoijua. Kwanza mnyama hutazamwa akiwa hai, amesimama na anatembea, amepumzishwa baada ya safari. Hapo ndipo hubainika mwenye homa, anayechechemea, anayetokwa na mate, anayejitenga. Ukaguzi huu wa mzima ndio unaorukwa zaidi kwetu, kwa sababu lori huingia usiku na visu huanza kabla ya jogoo. Akishachinjwa, mkaguzi huanza na kichwa. Hukata misuli ya taya, kushoto na kulia, mapande mapana, akitafuta vilengelenge vya tegu, vidogo kama punje ya mchele. Hupapasa ulimi. Hupasua tezi za koo, kwa kuwa kifua kikuu cha ng'ombe hupenda kujificha pale na kwenye tezi zilizo katikati ya mapafu. Mapafu hupapaswa yote. Moyo hufunguliwa. Ini hukatwa kwenye mifereji yake. Wengu hutazamwa kwa makini: ukiwa umevimba, mweusi, laini kama uji, na damu ya mnyama haigandi, kazi inasimama pale pale na watu wanatolewa, maana huenda ni kimeta. Na visu huwa viwili, kimoja kazini, kingine ndani ya maji ya moto ya nyuzi 82, vinapishana, ili usaha wa mnyama mmoja usipelekwe kwa mwingine.

Haya yote huchukua dakika kadhaa kwa kila ng'ombe. Nimewaona wakaguzi wanaoyafanya kwa tochi ya simu iliyobanwa kwenye meno, na bado wanayafanya vizuri. Nimewaona pia wanaofika ng'ombe wameshakatwa robo, vichwa vimeshachukuliwa na wenye supu, matumbo yako kwenye beseni la mama sokoni, na wao wanagonga muhuri kwenye paja. Paja halina habari. Habari yote ilikuwa kwenye kichwa na kifuani, na hiyo imeondoka kwa bodaboda.

Nisisahau jambo la dini, kwa sababu hapa tuna Waislamu wengi katika kazi hii na mimi ni mmojawao. Watu huniambia, sheikh amechinja, Bismillahi imesemwa, nyama ni halali, ukaguzi wa nini tena? Ndugu zangu, kisu cha halali kinaihalalisha nyama ya mnyama anayefaa kuliwa. Hakiondoi tegu kwenye taya. Tena tungekuwa wa kwanza kudai ukaguzi wa mnyama akiwa hai, sisi tunaokatazwa kibudu, kwa sababu usiku kibudu hushushwa kwenye lori na kukatwa koo haraka ili kionekane kimechinjwa.

Ubaya wa kukosa ukaguzi hatuhitaji kuusoma vitabuni. Mwishoni mwa 2023, wilayani Kyotera, watu walivimba mikono na kutoka vidonda, wengine wakasema ni uchawi, mpaka maabara ilipothibitisha kimeta. Ng'ombe walikuwa wamekufa na nyama yao ikaliwa. Vimelea vya kimeta vinakaa kwenye udongo miongo mingi, vinangoja. Kabla ya hapo, 2018, ugonjwa huo huo ulikuwa Arua, Kiruhura na Kween. Karantini ya miguu na midomo nayo ikitangazwa, minada hufungwa, lakini hamu ya nyama haifungwi. Ng'ombe hupita njia za panya usiku, bila kibali cha kusafirisha, na anayewapokea upande wa pili ni mkaguzi mmoja mwenye muhuri mmoja.

Tuuseme huo muhuri. Machinjio fulani niliyofika bila kutangaza, nilimkuta kijana wa miaka kama 17 anagonga nyama. Wino mzuri, mkono mwepesi, anajua hasa pa kugonga. Nikamwuliza, wewe ni daktari? Akanijibu kwa adabu kabisa, hapana mzee, daktari ameniachia muhuri, yeye hupita Ijumaa. Hakuona aibu, na kwa nini aone? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile chapa ni saini ya serikali. Kwake ilikuwa kifaa cha kazi, pamoja na shoka na ndoano.

Ni rahisi hapo kumlaani huyo daktari wa Ijumaa, na kosa lake ni kosa. Lakini nilifuatilia. Alikuwa na sehemu nne za kuchinjia, zote zinaanza saa kumi na moja alfajiri, na pikipiki ya idara iliyokufa zamani. Mafuta ya pikipiki yake mwenyewe alikuwa akitiliwa na mwenye machinjio. Kila mtu aliliona jambo la kawaida, hata la ukarimu. Refa anayelala na kula nyumbani kwa kocha hahitaji kupewa bahasha.

Halafu kuna mwajiri. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, huduma za mifugo ziko mikononi mwa wilaya, na wilaya hiyo hiyo ndiyo inayokusanya ada ya kila kichwa kinachochinjwa. Mkaguzi mkali anayefunga machinjio machafu kwa wiki mbili anapunguza mapato ya bosi wake. Simsingizii bosi yeyote. Nasema tu tumempa mtu mmoja kazi ya kukusanya na kazi ya kuzuia, kisha tunashangaa kwa nini ya kukusanya hushinda. Na tusijidanganye kwamba simu hazipigwi. Mkaguzi akishika ng'ombe wa mtu mkubwa, kabla hajafuta kisu simu inalia: huyo ni mtu wetu, daktari, fanya ubinadamu.

Jambo la tatu ni la wafanyabiashara, na nalisema mbele yenu kwa sababu mna haki ya kulisikia. Umenunua fahali mnadani kwa milioni 2 na zaidi, nusu ni mkopo. Amefunguliwa, amekutwa na vilengelenge vichache vya tegu. Utaalamu unasema nyama yenye vilengelenge vichache inaweza kuokolewa: igandishwe kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10, vilengelenge vinakufa, nyama inauzwa. Haya, jokofu hilo liko wapi? Kwenye sakafu zetu za kuchinjia hakuna hata bomba la maji la uhakika. Kwa hiyo mkaguzi amebaki na njia mbili tu, akufilisi au afumbe macho. Tajiri hafilisiki kwa ng'ombe mmoja. Mdogo anafilisika, na mdogo ndiye atakayelia mpaka mkaguzi amwonee huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoliwa na watoto wa shule kwenye supu. Hapo chai huingia hata bila mtu mbaya kuwepo.

Msidhani haya ni yetu peke yetu. Machi 2017 polisi wa shirikisho wa Brazil, nchi inayouza nyama dunia nzima, waliwavamia wakaguzi wa wizara ya kilimo na makampuni makubwa ya nyama. Madai yalikuwa kwamba wakaguzi walilipwa ili watoe vyeti bila kukagua. Maofisa 33 wa wizara walisimamishwa kazi, na China na Chile zikafunga mlango kwa muda. Huko California, Marekani, 2014, machinjio fulani ya Petaluma yalilazimika kuita irudi karibu tani 4,000 za nyama. Hila yao ilikuwa hii: ng'ombe wenye saratani ya jicho walichinjwa wakaguzi wakiwa wamekwenda kula chakula cha mchana, kisha vichwa vyao vikafichwa na vichwa vya ng'ombe wazima vikawekwa kando ya mizoga. Wenye bucha, ninyi mnaelewa haraka kuliko mawakili. Kichwa kikitengana na mwili wake, ukaguzi umekwisha.

Marekani wana sheria ya ukaguzi wa nyama tangu 1906, na mkaguzi wa serikali hukaa ndani ya machinjio saa zote za kuchinja. Juu yake kuna ofisi ya mkaguzi mkuu ndani ya wizara ya kilimo, ambayo kazi yake ni kuwakagua wakaguzi na kutangaza ilichokuta. Mwaka 2013 ofisi hiyo ilitoa taarifa juu ya machinjio ya nguruwe. Ilikuta kwamba kati ya 2008 na 2011 wakaguzi waliandika makosa 44,128 katika machinjio 616. Machinjio yaliyosimamishwa yalikuwa 28. Ikakuta pia wakaguzi ambao hawakuvikagua viungo vya ndani inavyotakiwa. Naitaja taarifa hii kwa sababu inanipinga mimi mwenyewe kidogo. Nimesema tusome daftari. Wenzetu walikuwa na madaftari ya kujaza ghala, na machinjio yaliandikwa makosa yale yale tena na tena, kwa sababu kuandika hakukuleta kitu. Kwa hiyo daftari peke yake halitoshi. Lazima awepo msomaji asiyelipwa na machinjio, tena mwenye uwezo wa kufunga mlango.

Lakini angalia pia tofauti. Kule aliyewaumbua wakaguzi ni serikali yenyewe, kwa taarifa ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kwetu tunafanyaje? Tunafanya operesheni. Mwaka 2018, mwezi wa Januari, Kampala ilishtuka kusikia nyama inahifadhiwa kwa dawa ya kuhifadhia maiti. Bucha zilivamiwa, kamera zikapiga picha, wauzaji wakapandishwa magari ya polisi. Sitetei mtu aliyetia dawa kwenye nyama. Nauliza tu: katika picha zile zote, mlimwona ofisa yeyote anayeulizwa ile nyama ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika buchani? Operesheni humkamata aliye mwisho wa mnyororo kwa sababu ndiye aliye barabarani.

Sheria si kwamba hatuna. Sheria ya Afya ya Umma ni ya 1935 na ina kanuni zake za nyama. Ya Magonjwa ya Wanyama ni ya 1918. Anayechukua chai yuko chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009, na ofisi ya IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ipo kwa Katiba ya 1995. Mwenye kutoa habari za uovu kazini analindwa na sheria ya 2010. Zote hizo zinafaa, ila zinangoja mtu apate ushahidi, na mkaguzi ambaye hakukata taya haachi ushahidi wowote. Kitu ambacho hakikufanyika hakina alama. Ndiyo maana narudi kwenye daftari kama mtu aliyepagawa nalo: ndilo mahali pekee ambapo uzembe unaonekana kwa macho.

Na kuna sheria moja ambayo watu wa nyama hamuitumii kabisa. Sheria ya Kupata Habari, ya 2005. Raia wa Uganda ana haki ya kuomba rekodi iliyo mikononi mwa ofisi ya serikali, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 21. Rekodi ya vilivyotupwa machinjioni haina siri ya nchi ndani yake. Chama cha wenye bucha kinaweza kuiomba. Mama mwenye hoteli anaweza kuiomba. Diwani hata hahitaji kuomba, anaingia na kuifungua, na nawaomba waheshimiwa mtakapokwenda msiende na wapiga picha. Nendeni na swali moja: mwezi uliopita mmetupa maini mangapi? Mkijibiwa hakuna, kaeni chini, kazi imeanza.

Mnaweza kulinganisha pia. Ng'ombe wa mnada mmoja wanaingia sehemu mbili za kuchinjia. Hapa daftari linaonyesha mapafu, maini na vichwa vinatupwa kila wiki, pale ni mstari wa kalamu. Hamhitaji kuwa madaktari ili muone kuna jambo. Na muangalie upande wa pili vilevile: mkaguzi anayetupa kupita kiasi, na vinavyotupwa havionekani kwenye shimo. Hilo nalo lipo. Ini linaandikwa limetupwa, jioni linakaangwa mahali. Kila kilichotupwa kikatwekatwe, kimwagiwe rangi au dawa, kizikwe au kichomwe mbele ya watu wawili, nao waweke saini.

Mengine niyapitie haraka, maana jua limepanda. Muhuri ulale ofisini, uwe na namba, utoke na kurudi kwa saini. Mkaguzi asikae kituo kimoja miaka hadi awe mwanafamilia. Mafuta ya pikipiki yalipwe na aliyemwajiri. Daktari kutoka wizarani Entebbe au wilaya nyingine afike bila taarifa, alfajiri, si saa nne kukiwa kumeshaoshwa. Kichwa na viungo viwe na namba ya mwili wake, vikae pamoja mpaka mkaguzi amalize.

Kwa wakaguzi mliopo hapa, najua mnaniona nimewaanika. Fikirini tena. Leo mkaguzi mwaminifu akitupa ng'ombe wa mheshimiwa, yuko peke yake na kisu chake. Angekuwa na daftari linalosomwa na watu wa nje, angeijibu ile simu kwa urahisi: mheshimiwa, nimeshaandika, na Jumatatu linasomwa. Mzembe atauchukia usimamizi huu, na sitamlilia. Mwaminifu ameungoja siku nyingi.

Sasa la fedha, ambalo ndilo nililokuja kuliomba hasa. Napendekeza wafanyabiashara mwanzishe mfuko wenu. Kila kichwa kinachochinjwa kitoe kiasi kidogo mtakachokubaliana, na anayetupiwa mnyama mzima kwa ugonjwa, tena mwenye kibali halali cha kusafirisha, afidiwe sehemu ya bei. Mwenye ng'ombe wa njia ya panya asipate kitu. Mfuko ukiwepo, ninyi wenyewe mtaanza kulisoma lile daftari, maana fedha zenu zitatoka kufuatana nalo. Mji nao uulizwe waziwazi: katika ada mnayokusanya, ni shilingi ngapi inarudi kununua jokofu?

Karani ana karatasi pale mezani. Wanaotaka kuingia kwenye kamati ya mfuko waandike majina na simu zao kabla hawajaondoka, na wakaguzi wasiandike, kamati hii si yenu. Nitapokea maswali sasa. Nitaanza na mama zangu wa matumbo, kwa sababu wana biashara inayoharibika, na kila mkutano wa nyama niliowahi kukaa wamepewa nafasi ya mwisho.